Sauti ya Mama Stela na Misumeno Miwili

Nyinyi vijana wa studio hapa jirani, shikamoo zenu nazipokea kila asubuhi na nashukuru. Lakini mkishapita mlango wangu mnaingia mle ndani, mnafungua kompyuta, na mimi nimekaa hapa na kahawa yangu nasikia kila kitu kupitia ukutani. Mnabonyeza sauti moja, hapana. Nyingine, hapana. Nyingine tena, hapana. Mpaka adhuhuri bado mnachagua tu, kama watu wanaopekua mitumba sokoni. Jamani! Hivi hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kujiuliza hizo sauti zinashonwaje?

Nauliza kwa sababu nina shida, na bora niiseme mapema. Mjukuu wa Mama Stela anaolewa kule Newala, korosho zikishauzwa. Mama Stela ameniomba nimrudishie sauti moja ya kinanda ambayo anasema bila hiyo hawezi kusimama akaimba. Sauti hiyo niliitengeneza mwenyewe zamani, nikaihifadhi ndani ya kinanda changu, na sasa kinanda kimeisahau. Betri yake ya ndani, kidude kidogo kama kifungo cha koti, imekufa, na vyote nilivyovihifadhi vimekwenda nayo. Kuitengeneza upya najua. Shida ni nyingine, na nitaifikia. Kwanza nisikilizeni.

Mimi nilizaliwa Mnyambe, nikashuka Masasi ningali kijana, na kazi yangu yote imekuwa kinanda, kanisani na kwenye bendi ya harusi. Nilianzia kwenye kile kinanda cha kanisa cha kukanyaga kwa miguu. Panya walikuwa wametoboa mivukuto yake, kwa hiyo kila wimbo kilianza kwa kukohoa. Waumini walishazoea. Kikikohoa wanasimama.

Halafu bendi yetu ikapata sinthesaiza, kinanda cha umeme chenye safu ya vitufe vya kuzungusha pale mbele. Hakuna aliyejua kipi kinafanya nini. Kilikuja bila maelezo, nami nikakiweka mezani uani, nikaunganisha spika, nikazungusha kimoja kwa kujaribu. Ukatoka mlio, we acha tu! Jirani yangu akatoka mbio na beseni la mahindi kichwani.

"Baba Neema," akaniita, "mashine ya kusaga imekuja lini huku kwetu?"

Nikamwambia hii si mashine, mama, huu ni muziki. Akanitazama, akalitazama beseni, akarudi zake ndani. Siku hiyo nilichokuwa nimekigusa ni mlio ambao mafundi wanauita msumeno, na sikujua kama nimegusa sauti nitakayoishi nayo.

Sasa sikieni. Ndani ya sinthesaiza kuna kitu kinachozaa sauti, mafundi wanakiita osileta. Kazi yake ni kuutikisa umeme, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Namna unavyokwenda na kurudi ndiyo inayoitwa wimbi, na kila wimbi lina umbo lake. Kompyuta zenu zinawachorea umbo hilo pale kwenye kioo na nyinyi mnapita tu kama hamjaliona.

Wimbi laini, lile lisilo na kona, chukua chupa tupu ya soda upulize mdomoni. Vuuu. Ndilo hilo. Ndani yake hamna kingine, ni sauti moja peke yake. Pembetatu ni jamaa yake wa karibu, ana ukali kidogo, mfikirie mtu anapiga filimbi ya mwanzi na hana haraka. Mraba mnaujua, ni ule mlio wa simu za zamani za vitufe, na ukiushusha chini unakuwa na uwazi ndani, kama mtu anayezungumza ameinamia pipa. Na msumeno ndio nyuki, ndio tarumbeta, ndio mashine ya kusaga ya jirani yangu. Ndani ya msumeno zimo sauti ndogondogo zote zinazopanda juu ya ile kubwa, hakuna iliyoachwa. Mraba unachukua moja unaruka moja, ndiyo maana unausikia uko wazi katikati.

Kwa nini nawasumbua na haya? Kwa sababu ya chujio. Kila sinthesaiza ina chujio la kupunguza ukali wa juu, na nimesikia mmoja wenu, sitamtaja, anahangaika na chujio hilo kutwa nzima juu ya wimbi laini na anashangaa hapati mabadiliko. Mwanangu, chujio haliongezi kitu. Linaondoa. Kama hukukuna nazi, hilo tui utalichuja kutoka wapi? Ukitaka sauti nene yenye joto, anza na msumeno, halafu uuchuje taratibu mpaka nyuki watulie na kubaki asali.

Haya, hiyo ni osileta moja. Kinanda chetu kilikuwa nazo tatu, na hapo ndipo kiburi changu kilipokwenda kuota jua. Mimi nilikuwa najisifia sikio. Nikachukua misumeno miwili, nikaisawazisha mpaka haina tofauti hata chembe, nikakunja mikono nikingoja unene. Nikapata kelele zaidi, basi. Sauti ileile, imezidi nguvu tu, na nyembamba vilevile.

Tulikuwa uani kwa wenye harusi, na Mzee Bakari alikuwa pale. Huyu alikuwa mpiga ngoma wa bendi yetu, mtu wa Nanganga, na ndiye aliyenifundisha kazi ingawa hakuwahi kugusa kinanda. Alikuwa amewasha nyasi kavu pembeni anapasha ngozi za ngoma zake kabla ya harusi, kama wanavyofanya wote. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Wewe Mmakonde," akasema, "umejizalia pacha, halafu unalalamika huwatofautishi?"

Nikamwuliza kwani yeye angefanyaje. Akachukua vigoma vyake viwili vidogo. Kimoja akakipasha, akakigonga, akaridhika. Cha pili akakipasha, akakigonga, akakirudisha motoni kidogo, akakigonga tena, akakitoa haraka.

"Bado hakijamfikia mwenzake," nikamwambia.

"Na hakitamfikia. Nikikifikisha, watu watasikia kigoma kimoja. Mimi nimebeba viwili kutoka Nanganga mgongoni, kwa nini wasikie kimoja? Hawa wawe ndugu. Wasiwe pacha."

Nikarudi kwenye kinanda nimenywea. Msumeno mmoja nikauacha palepale kwenye noti. Wa pili nikaupandisha kidogo sana, kile kiasi ambacho unajiuliza kama kweli umekigusa kitufe. Loo! Sauti ikaanza kujaa na kupungua polepole, kujaa na kupungua, kama kitu kinachopumua. Wapishi waliokuwa uani wakageuka. Nikazidisha, ikawa walevi wawili wanaoimba njiani. Nikapunguza, ikatulia. Fanyeni hivyohivyo, mtafute pale kabla ya ulevi. Na osileta ya tatu ishusheni okteva moja chini, yaani ngazi nzima ya noti nane, iwe wimbi laini, muiache imenyooka bila kuipindisha. Huko chini mkiweka misumeno inayogongana mtapata tope, na spika za harusi zetu, hizi za kuazima, tope hazilisamehe.

Sasa Mama Stela.

Mama Stela alikuwa mwanzishaji wa kwaya yetu ya kanisa. Kwa wale msiojua, mwanzishaji ndiye anayetoa mstari wa kwanza peke yake, wengine wakamwitikia. Pale kwetu wimbo haukuanza mpaka yeye aanze, hata mwalimu wa kwaya anyanyue mikono mpaka ichoke. Alikuwa na sauti ya pili pana, ya kukaa ndani yake. Mimi nilikuwa nampigia kinanda na kusahau kwamba napiga.

Akapata uvimbe kooni. Akapasuliwa, akapona, na madaktari walikuwa wamemwambia mapema kwamba sauti huenda isirudi yote. Haikurudi. Kilichobaki kilikuwa kama mtu anayefuta meza kwa karatasi. Akaacha kuja mazoezini. Wanawake wa kwaya waliacha nafasi yake wazi kwenye mstari. Nilikuwa nikiwatazama: mmoja huku, mwingine kule, na katikati pengo la mtu mmoja, hakuna aliyekanyaga. Ile nafasi iliniuma kila Jumamosi ya mazoezi.

Kisha binti yake Stela akapata mchumba wa Newala, na harusi ikapangwa kwetu Masasi. Stela akamwambia mama yake kitu kimoja tu: wimbo wa kuniingiza kanisani unaanzisha wewe. Mama akakataa. Akasema ataingia kama mgeni mwingine, akae nyuma. Stela naye ni mtoto wa mama yake. Akasema, "Basi, mama, nitaingia kimyakimya. Hakuna mtu mwingine ataniimbia."

Mnajua bibi harusi kuingia kimyakimya ni nini huku kwetu? Hata maiti haiingii kimyakimya.

Mwalimu Joel, aliyekuwa akifundisha kwaya, akahangaika. Mtu mwema sana, ila mwenye haraka. Akaniomba nijaze lile pengo kwa kinanda. Kinanda kilikuwa na sauti iliyotoka nayo kiwandani, imeandikwa kwaya, ile aaa ya watu wasio na majina. Na ili isikike ikitoka katikati ya wanawake, Mwalimu Joel akabeba spika akaisimamisha palepale kwenye nafasi ya Mama Stela. Yeye aliona spika tu. Tukaanza mazoezi.

Mama Stela akaingia. Alikuwa amekuja kumwambia Mwalimu Joel kwamba labda atajaribu. Hilo tulilijua baadaye. Akasimama mlangoni, akaona sanduku jeusi limesimama mahali pake kwenye mstari, linaimba. Alilitazama kwa muda. Kisha akageuka akaondoka, na kanga yake ikashikwa na komeo la mlango, akalazimika kurudi hatua moja kuinasua mbele yetu sote. 

Kesho yake mchana nilikwenda kwake. Nilimkuta anatwanga na jirani yake, wawili kwenye kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka. Nikasalimia. Akaitika kwa ile karatasi yake.

"Umekuja na sanduku lako?" akaniuliza.

"Nimekuja peke yangu, Mama Stela."

"Kaa basi."

Nikakaa.  Wao wakaendelea kutwanga. Na mtu akitwanga, hasa mwanamke wa huku, hawezi kutwanga kimya. Kila mchi ulipotua, Mama Stela alitoa sauti ndani kwa ndani, hm, hm, na baada ya muda ile hm ikaanza kufuata wimbo. Sidhani kama alijijua. Nikasikiliza, nywele zikanisimama. Sauti haikuwa imekufa! Chini ilikuwepo. Juu kulikuwa na ile pumzi, ile karatasi. Kilichokosekana kilikuwa katikati tu, pale penye nyama.

Nikarudi nyumbani karibu mbio. Ile aaa ya kiwandani nikaiweka pembeni kabisa. Yule mama alikuwa na sauti yake, hakuhitaji kuletewa nyingine. Alihitaji kujaziwa katikati. Nikachukua misumeno miwili, ndugu na si pacha, nikaichuja sana mpaka juu pakabaki pa pumzi yake peke yake. Chini nikaweka wimbi laini la kumshikilia. Halafu kitufe kimoja ambacho vijana hamkigusi kabisa: kile kinachoamua sauti iingie haraka au taratibu. Nikakizungusha ili sauti ichelewe kupanda. Kidole kikibonyeza, hakuna kitu, kisha inakuja yenyewe polepole. Yeye anatangulia, kinanda kinamfuata.

Nikamwita Mzee Bakari asikilize. Akafumba macho. "Hii," akasema, "ina adabu." Kwa Mzee Bakari hakukuwa na sifa kubwa kuliko hiyo.

Spika nikaihamishia ukutani, nyuma kabisa, chini sakafuni. Mazoezi yaliyofuata Stela mwenyewe alimleta mama yake amemshika mkono. Mama Stela akautazama mstari. Nafasi ilikuwa tupu. Akaenda akasimama. Akanitazama mimi kwa macho makali, kama ananiambia ole wako, akafungua kinywa. Mstari wa kwanza ukatoka kama karatasi. Nikabonyeza. Kinanda kikapanda chini yake taratibu, na nikamwona anashtuka, anashika kifua. Alijisikia. Akaimba mstari wa pili machozi yanamtoka, na mimi sikuwa na la kufanya zaidi ya kuendelea kubonyeza na kulia vilevile.

Siku ya harusi kanisa lilijaa mpaka madirishani. Stela akasimama mlangoni na baba yake. Mama Stela akaanza. Nikamfuata. Wanawake wakaitikia, na hapo ndipo nikasikia kitu. Ubeti wa kwanza walikuwa wamesimama wima kama kawaida. Ubeti wa pili wakaanza kumsogelea, huyu bega, yule bega, na kila mmoja alikuwa anaimba ile sauti ya katikati ambayo Mama Stela aliikosa. Hakuna aliyewapangia. Na hakuna aliyefanana na mwenzake hata mmoja: mmoja juu kidogo, mwingine chini kidogo, mwingine na mtetemo wake. Mzee Bakari akanitupia jicho kutoka kwenye ngoma zake. Nikaanza kupunguza kinanda. Kidogo. Kidogo tena. Nikafika mwisho wa kitufe, nikaondoa mikono, nikaiweka mapajani, nikawa msikilizaji kama wengine. Stela alipofika mbele, mama yake akapiga kigelegele chembamba kilichokatika katikati, na wenzake wakakimalizia.

Baadaye, wakati wa pilau, akanijia.

"Baba Neema, asante kwa kinanda. Kilinibeba mpaka mwisho."

"Nilikizima ubeti wa pili," nikamwambia.

Akanitazama. "Mwongo wewe."

"Waulize."

Hakuuliza. Alikaa kwenye benchi pembeni yangu, sahani mkononi, akila polepole, na kila baada ya tonge anatikisa kichwa na kutabasamu.

Aliendelea kuimba miaka mingi baada ya pale, na siku nyingine alitaka kinanda, siku nyingine hakukitaka. Sasa ni bibi, anaishi kwa Stela kule Newala, na Mzee Bakari alishatangulia mbele ya haki. Wenzake wa ule mstari wengi hawapo. Ndiyo maana ameniomba ile sauti kwa harusi ya mjukuu, kwa sababu safari hii hana mabega ya kumsogelea.

Juzi nikampigia simu kumwambia ukweli. Nilikuwa naogopa, nawaambieni. Nikasema, "Mama Stela, nisamehe. Ile sauti yako imefutika. Betri imekufa."

 Nikasikia anacheka.

"Kilichofutika ni cha kwako," akasema. "Mimi changu ninacho. Weka spika ya simu, usikie."

Akaanza kuimba mstari wa kwanza palepale. Nikaweka simu mezani, nikavuta kinanda, nikaanza kutafuta kwa mkono: msumeno, msumeno, ndugu na si pacha, wimbi laini chini, kupanda kwa taratibu. Vyote nilivipata. Nikafika kwenye chujio, pale unapopima ni wapi kinanda kikome na pumzi yake ianze, na pale nikakwama. Nakiona kitufe cha chujio kinazunguka, lakini masikio yangu siku hizi hayafiki juu huko. Pumzi ya Mama Stela, ile niliyoitunzia nafasi kwa uangalifu wote ule, siisikii tena.

Mwambieni huyo wa wimbi laini azime kompyuta. Mama Stela amesema atapiga tena Jumapili mchana. Njooni mnisikilizie.